Musawo na Rangi ya Mkojo

Kwanza niseme wazi kwamba hakuwa daktari. Katika Kampala ya wakati ule, mtu yeyote aliyevaa nyeupe na kushika sindano aliitwa Musawo, awe daktari, muuguzi, au mfagiaji aliyeazima koti. Yeye alikuwa muuguzi wa zahanati ya vyumba viwili chini ya kilima cha Naguru, zahanati ambayo siku hizi haipo, na madaktari wa kweli walipoanza kuikimbia nchi mmoja baada ya mwingine, yeye ndiye aliyebaki na funguo. Mwenye funguo ndiye aliyekuwa mkubwa. Nchi nzima iliendeshwa hivyo, sijui kwa nini zahanati ingeendeshwa vingine.

Alikuwa mwanamke mfupi na mpana, na kiatu chake cha kushoto kililia kila alipokanyaga. Sisi wagonjwa wa sukari tulikijua kilio kile. Tukikisikia kinakuja kwenye baraza tulikaa wima na kufuta midomo, maana mdomo ndio kitu cha kwanza alichokikagua. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Jana wewe nakula nini?" na kabla hujajibu alikuwa ameshaona chembe ya andazi kwenye kola yako.

Nilikabidhiwa kwake nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa dereva wa polisi. Mama alikuwa Mnubi wa Makindye, fundi wa kupika na fundi zaidi wa kulia. Mimi nilikuwa nimekonda nikabaki macho na masikio, namaliza mtungi wa maji na bado nina kiu. Musawo alinusa pumzi yangu, akachemsha mkojo wangu, akamgeukia Mama.

"Huyu mtoto anayo sukali. Bila sindano kila siku, wewe nazika."

Hakusema pole. Mama akaanza kuteleza kutoka kwenye benchi, na Musawo akamwonya asiangukie chupa za watu.

Alikuwa katili, lakini alikuwa sahihi. Mtu mzima mwenye sukari, hasa aliyenenepa, mara nyingi anaweza kusukuma miaka kwa kubana mdomo na kutembea. Mtoto kama mimi hawezi. Mwili wake hautengenezi insulini, na asipochomwa ile ya chupa anakauka na kufa ndani ya siku chache, hata akila majani matupu. Na insulini mjini ilikuwa imeadimika kama sabuni, kama chumvi, kama ukweli. Kwa hiyo maisha yangu yote, kuanzia asubuhi ile, yalikuwa ndani ya kichupa kidogo alichokitunza kwenye chungu cha maji chini ya meza yake, kwa sababu jokofu la zahanati lilikuwa limehamishiwa nyumbani kwa ofisa mmoja likapoze bia.

Alhamisi ilikuwa siku ya mkojo. Watu walikuja nao kwenye chupa za soda, chupa za bia, chupa za dawa ya kikohozi, wamezifunika kwa khanga kana kwamba wamebeba mali. Musawo alimimina maji yake ya buluu kwenye neli ya kioo, akadondosha matone manane ya mkojo, akachemsha juu ya taa. Spiriti ya taa ilikuwa imekwisha siku nyingi, akatumia waragi, ile pombe kali ya kienyeji, na kila Alhamisi kabla ya kuijaza taa alionja kidogo, ahakikishe, alivyosema, kwamba haijatiwa maji. Kisha akawahubiria walevi.

Halafu tukangoja rangi. Ikibaki buluu, umeponea. Ikiwa kijani, umeonja. Ikiwa manjano, umekula. Rangi ya chungwa, umekula na hukujuta. Na ikitoka nyekundu kama tofali, Musawo alisimama, akainua neli juu ili baraza zima lione, akakuuliza jina lako kwa sauti kubwa ingawa alilijua.

Si ajabu watu walidanganya. Walitia maji. Waliazima kwa majirani. Mke wa sajenti mmoja, mama wa heshima, mwenye pete tatu, alileta chupa ya chai ya rangi iliyopoa. Musawo aliichemsha, ikatoa buluu safi kuliko buluu zote, kwa sababu nyumba nyingi siku hizo zilikunywa chai kavu. Akaitia pua.

"Huyu hapana mgonjwa," akatangaza. "Huyu ni chai. Na haina hata sukali, bambi, masikini!"

Mimi nilimcheka yule mama kuliko wote. Kisha ikaja harusi ya binti wa shangazi yangu Makindye, nikala visheti mpaka vidole vikanata, na Alhamisi nikaenda na mkojo wa mdogo wangu. Buluu. Musawo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapunguza dawa. Alhamisi iliyofuata nikafanya hivyo hivyo. Nilijiona mjanja, nimempiga chenga mtu ambaye masajenti walimwogopa. Siku ya tatu baada ya hapo nilianza kutapika, pumzi ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na kuanzia hapo sikumbuki kitu ila kilio cha kiatu kikiingia mlangoni mwetu.

Mama anasema alikaa kando yangu siku mbili, anachoma kidogo kidogo, ananinywesha maji yenye chumvi, na kumfukuza kila aliyeleta maombi. Nilipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mdogo wako iko mzima sana. Hongela."

Kisha akanisomea. "Wewe nasikia ledio? Kila ofisi naandika buluu. Pamba buluu, kahawa buluu, jeshi buluu. Lais nasoma, nafulahi, nchi nachomeka. Wewe kama nataka kufa kama nchi hii, kufa kwa musawo mwingine. Kwangu utaleta nyekundu yako, mimi nitaitukana, na wewe utaishi. Nasikia?"

Mama alikimbia kufunga dirisha. Kwa maneno machache kuliko hayo watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na wake zao wakaambiwa wamesafiri.

Kosa la Mama nalo lilikuwa mdomo, ila wa aina nyingine. Sukari ya dukani ilikuwa imepotea. Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini, waliopewa maduka walikuwa wameuza hata rafu, na kilo moja ya sukari ilifichwa chini ya godoro. Siku moja, kwenye soko la Nakasero, Mama alikuwa anamlalamikia rafiki yake kwa ile sauti yake ya kusikika ng'ambo ya barabara: "Sukari ya mtoto wangu imepanda, dada! Imepanda vibaya! Bahati tu tunaye Musawo pale Naguru, kila Alhamisi anaishusha."

Alhamisi ikafika, na gari la jeshi nalo likafika. Wakashuka askari watatu, wenye njaa na wenye bunduki.

"Wapi sukari?" akauliza mkubwa wao. "Watu wanasema hapa iko sukari, inapanda, inashuka. Nani napanga bei?"

Baraza zima likaganda. Tulikuwa kama watu ishirini, kila mmoja na chupa mapajani. Nilimwona Mama akielewa, polepole, alichokifanya. Musawo alipita mbele yetu, kiatu kinalia, akachukua chupa ya bia kutoka kwa mzee mmoja, akaichukua na yangu, akazipanga mbele ya yule askari.

"Iko nyingi, afande. Hii ya mzee. Hii ya mtoto. Hii ya mtoto ndiyo tamu sana. Onja."

Askari akaichukua yangu, akainusa, akachovya kidole. Hadi leo sijui kwa nini, labda kwa mazoea, maana walikuwa wakionja kila walichokikuta. Akakitia mdomoni. Uso wake ukapita mshangao, kisha nikaona, naapa, kwamba ameikuta tamu. Kisha akaelewa chupa zile zilikuwa za nini, kwa sababu mzee mwenye chupa ya bia aliomba radhi, akaenda nyuma ya zahanati kuongeza nyingine.

Waliondoka bila kumpiga mtu. Walichukua tu saa ya ukutani, kwa sababu haiwezekani askari arudi kambini mikono mitupu.

Kichekesho ni kwamba sukari ilikuwepo. Musawo alikuwa na kopo lake, limechorwa fuvu la kichwa na kuandikwa SUMU, na ndani yake mlikuwa na sukari nyeupe ya kweli, kwa ajili ya mgonjwa ambaye dawa imemzidi, sukari yake ikashuka mno, akaanza kutetemeka na kupayuka. Kijiko kimoja chini ya ulimi na mtu anarudi. Nimeona watu wakitiwa sumu ile mdomoni na Musawo na kumshukuru. Nimemwona pia yeye mwenyewe, akidhani niko nje, akijitilia vijiko vitatu kwenye chai, yeye aliyekuwa hana ugonjwa wowote ila hasira. Alinigeukia, akasema, "Mimi natetemeka," akanywa.

Sindano zake za chuma alizinoa kwa jiwe. Za watu wazima alizinoa mara moja na za watoto mara tatu, akizijaribu kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe, mpaka mkono ule ukawa na vidoti kama ukuta uliopigwa mvua ya mawe. Ukimwambia asante alikuuliza kama umeleta mkojo au umeleta hotuba.

Na alikuwa na Meja.

Meja aliletwa na jeshi kuisimamia karakana ya magari alikofanya kazi Baba. Hakujua gari linavyokwenda, lakini hilo halikuwa sharti. Alikuwa mkubwa kwa umbo, tumbo lake lilifika mahali kabla yake. Alikuja kwa mlango wa nyuma wa zahanati kwa sababu hakutaka ijulikane anaumwa. Mkubwa mgonjwa alikuwa ni nafasi iliyo wazi, na wenye kuitaka walikuwa wengi na hawakuwa wapole.

"Mimi nataka sindano," akasema. "Mimi ni Meja."

"Hii sindano ya watoto," Musawo akamjibu. "Wewe iko na tumbo. Tumbo hapana choma. Tumbo natembeza."

Meja akaweka mkono kwenye bastola. Musawo akamkabidhi neli ya moto aishike kwa mikono miwili, bastola ikaachwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Naguru ikapata burudani. Kila alasiri Meja aliuzunguka uwanja wa mpira mara kumi, na nyuma yake walinzi wawili wakitoka jasho chini ya bunduki zao. Akanyimwa bia. Akapewa dodo, yaani mchicha, maharage, na vidole viwili vya matoke vilivyopimwa. Mkojo wake ukatoka tofali ukawa chungwa, ukawa kijani, ukawa buluu, na suruali ikaanza kumtoka hadharani, akawa anaishika kwa mkono huku anapigiwa saluti. Alimpenda Musawo kwa kuwa ndiye binadamu pekee aliyebaki aliyemtukana usoni. Wengine wote walimwambia anapendeza.

Mimi alinipenda pia. "Mugonjwa mwenzangu," alikuwa akinisalimia, "leo rangi gani?"

"Kijani, afande."

"Mimi buluu!" Na akajipiga kifua kana kwamba amepandishwa cheo.

Musawo hakupoteza nafasi. Alimwambia aandike barua kwenye bohari la dawa kwamba yeye Meja ni mgonjwa na anahitaji insulini, kwa siri, kwa saini yake. Kwa saini ile dawa ikapatikana. Chupa chache kila mwezi, zimeandikwa jina la Meja, na zilitutosha sisi watoto watatu kwa kubana sana. Angeongezwa mtu wa nne, mmoja wetu angekaa bila. Meja alilijua hilo na akalicheka. "Wachome watoto," alisema. "Mimi natembea."

Mwaka wa pili alianza kutembea polepole. Aliuzunguka uwanja mara sita, kisha nne. Alikuwa anabeba chupa ya maji. Buti likamkata kidole cha mguu na kidonda hakikufunga. Musawo alilaumu buti. Akamfunga bandeji, akamtukana kwa kuvaa viatu vya maonyesho, na Meja akacheka, akamsalimia mgonjwa mwenzake, akaenda. Mvua zilipoanza alipelekwa kwao kaskazini na mguu ambao ulinuka hadi barabarani. Huko waliukata, na baadaye tukasikia amekufa.

Siku ile Musawo alifunga zahanati saa nne asubuhi. Sisi tulicheka hata hilo, tukasema leo ameonja waragi kupita kiasi. Chupa za insulini ziliendelea kuja kwa jina la Meja miezi mingi baada ya kuzikwa, kwa sababu hakuna karani aliyethubutu kuandika kwamba ofisa wa jeshi anaweza kufa bila ruhusa. Marehemu alitulisha mpaka serikali ile ikaanguka.

Nimezisimulia habari hizi mara nyingi. Harusini, matangani, kwa wanangu wawili, ambao madaktari waliniambia nisiwatarajie. Saa na kidole cha askari. Chai ya mke wa sajenti. Meja na suruali yake. Watu wanacheka hadi machozi, na mwishoni huwa nasema kwamba mwanamke yule, kwa mdomo wake mchafu, aliniokoa.

Mara ya mwisho nilimkuta Makindye, nyumbani kwa mpwa wake. Serikali zilikuwa zimebadilika mara kadhaa, na yeye alikuwa amepungua, amekaa kitini na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimempelekea mayai na kipande cha kitenge. Hakuvitazama.

"Nasikia wewe nazunguka, nasema Musawo mtakatifu."

"Sijasema mtakatifu, Musawo. Nimesema una mdomo mchafu."

"Nasema mimi naokoa wewe."

"Si kweli?"

"Meja nakumbuka?"

Nikaanza kucheka, nikainua mkono kuonyesha alivyoshika suruali. Aliniacha niushushe mwenyewe.

"Mwaka ule wa pili, mkojo wake nyekundu," akasema. "Kila Alhamisi nyekundu. Kutembea hapana tosha tena, yeye nataka sindano. Mimi naona nyekundu, namwaga haraka, nasema buluu, naandika buluu. Yeye nafulahi. Dawa ya jina lake nachoma nyinyi." Alisema bila kupandisha sauti, kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akisema neno lolote. "Kama mimi nasema kweli, yeye nachukua chupa zote. Hata mwema nachukua, kama ni maisha yake. Mimi sikumpa nafasi ya kuwa mwema."

Nimeishi kwa mzaha. Ulinitoa kwenye mambo mengi, na nilikaa pale nikiungoja uje. Haukuja.

"Alhamisi ile ya bandeji," akasema, "mimi nilikuwa na jipu kwa mkono. Wewe ndiye ulishika neli juu ya moto."

"Ndiyo."

"Uliona?"

Ningeweza kusema sikuona. Alikuwa mzee, angekubali, na labda ndivyo alivyoamini moyoni miaka yote ile. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kwamba kwake unaleta nyekundu yako.

"Niliona," nikasema. "Ilikuwa tofali. Nikakuona unaimwaga na kuandika buluu. Meja akaniuliza mimi, aliniuliza mimi, leo rangi gani, mugonjwa mwenzangu. Nikamwambia buluu, afande."

Musawo akanitazama. "Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na mitatu."

"Ulijua?"

"Nilijua chupa ni ngapi."

Akazikusanya pembe za blanketi, akazikunja, akazikunjua. "Kale, haya basi," akasema mwishoni. "Mimi nafikiri siku zote niko peke yangu."

Mpwa wake alitoka na chai, akatukuta tumekaa hivyo, akairudisha ndani bila kuuliza. Baadaye Musawo akataka kujua kama nimeshachoma sindano ya mchana. Nikamwambia bado, nitachoma nikifika nyumbani.

"Choma hapa."

Nikatoa dawa kwenye mkoba, nikapandisha gauni juu ya paja, nikachoma mbele yake, naye akatazama mpaka tone la mwisho likaingia.